Kuhama Moshi na familia nzima kufuata kazi: namna ya kuamua kabla hamjafunga mizigo

Kazi ikipatikana Dar, Dodoma au Mwanza, swali la kwanza tunaloulizana huku Kilimanjaro na Arusha ni moja: wanalipa ngapi? Ni swali halali, ila linagusa nusu ya hesabu tu. Nusu ya pili iko hapa hapa nyumbani, na kwa kuwa haijawahi kupita benki hakuna anayeiandika. Kuna mkungu wa ndizi unaoshuka kutoka kihambani, yaani shamba la migomba la ukoo, bibi anayeshinda na mtoto mpaka mama arudi, cherehani ya mama pale Mbuyuni yenye wateja wa miaka mingi, na kodi ya nyumba msiyoilipa kwa sababu mmejenga. Familia ninazozijua zilizohama zikarudi hazikurudishwa na mshahara mdogo. Zilirudishwa na vitu ambavyo huku zilikuwa zinavipata bila kutoa hela.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ofa mkononi, au anayeiona inakuja, ambaye ana mwenza na watoto. Kama uko peke yako na begi lako, panda basi uende. Ikishindikana utarudi na begi hilo hilo.

Hatua ya 1: Chambueni barua ya ajira kabla ya kutangaza

Msimwambie mtu kwanza. Ukishawaambia ndugu, majirani na watu wa jumuiya kwamba "mwakani tunahamia Dar", mtaona aibu kughairi hata hesabu ikikataa. Kaeni wawili, na karatasi mezani.

Angalieni kwanza aina ya mkataba. Kama ni wa mradi, ulizeni nani anaulipia na unaisha lini. Watu wa miradi ya afya wanaikumbuka Januari 2025, Marekani iliposimamisha fedha za misaada yake ya nje; waliokuwa na ajira Ijumaa waliambiwa wasubiri nyumbani wiki iliyofuata. Kwa mkataba wa mwaka mmoja unaohuishwa, msimamo wangu ni kwamba mfanyakazi aende na familia ibaki.

Kisha muda wa majaribio. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri hana haki ya kudai kwamba ameachishwa kazi isivyo halali. Ndani ya miezi hiyo unaweza kuambiwa asante na usiwe na pa kwenda kulalamika. Ukiwa umeshahamisha watoto watatu na makochi, hiyo ni hatari kubwa kuibeba.

Kipengele ambacho karibu kila mtu anakiruka, nacho ndicho chenye hela, ni mahali pa kuajiriwa. Sheria hiyo hiyo inasema mkataba ukikoma mahali tofauti na pale ulipoajiriwa, mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako kurudi ulipoajiriwa, au alipe gharama hiyo. Sasa angalia kinachotokea: unaitwa ofisi ya Dar kusaini, na karani anajaza "Dar es Salaam" kwa sababu ndipo kalamu ilipo. Siku mkataba ukiisha, kwa mujibu wa karatasi, wewe uliajiriwa Dar na uko Dar. Hakuna wa kukurudisha Moshi. Kabla ya kusaini sema kwa upole tu: "Naomba mahali pa kuajiriwa paandikwe Moshi, ndiko ninakoishi na ndiko mliponipata." Mwajiri mwenye nia njema hatakataa. Akikataa, mmeshajifunza kitu kuhusu kampuni hiyo bila kulipa nauli.

Muulizeni pia nani anagharimia kuhama, na kazi yenyewe iko wapi hasa. "Dar" ya kwenye tangazo inaweza kuwa kiwanda kilichoko Kibaha au Mkuranga, ambako ni mkoa wa Pwani, na hilo linabadilisha mtapanga wapi na watoto watasoma wapi. Kwa watumishi wa umma habari ni fupi: ukihamishwa na mwajiri, yeye ndiye anayelipa, ukiomba mwenyewe, unajigharamia.

Hatua ya 2: Tafuteni mshahara unaofika mkononi

Tuchukue familia ya mfano. Baba ni mtunza ghala Moshi, analipwa 900,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ofa ya Dar ni 1,500,000. Kichwani ameshaongezewa laki sita.

Sasa makato. Tuchukulie mwajiri wa sekta binafsi anayekata asilimia 10 ya NSSF, halafu kodi ya mapato kwa viwango vinavyotumika tangu 2021: 270,000 za mwanzo hazikatwi, zinazofuata hadi 520,000 asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi milioni moja asilimia 25, na zaidi ya hapo asilimia 30.

Kwa 900,000: NSSF inachukua 90,000, kodi 80,500, mkononi zinafika 729,500. Kwa 1,500,000: NSSF 150,000, kodi 233,000, mkononi 1,117,000. Laki sita zimekuwa 387,500. Kama una deni la Bodi ya Mikopo, toa asilimia 15 nyingine ya mshahara, na utaona ongezeko linazidi kukonda.

Nambari hiyo, 387,500, iandikeni juu ya karatasi. Ndiyo inayopigiwa hesabu kuanzia hapa. Ile laki sita isahauni.

Hatua ya 3: Andikeni mapato yasiyo na risiti

Hapa ndipo uamuzi wenyewe unapofanyika, kwa hiyo msipapite haraka. Chukueni wiki mbili au tatu, na kila kitu kinachoingia nyumbani bila kulipiwa kiandikwe na bei ambayo mngekinunua. Ndizi, maziwa, maharage na mahindi kutoka kwa bibi. Kuku wa sikukuu. Parachichi. Mtoto aliyeachwa kwa shangazi saa tatu. Fundi ambaye ni shemeji, akatengeneza bomba akanywa chai akaondoka. Duka la mtaani linalowakopesha mpaka mwisho wa mwezi kwa sababu linawajua. Mkiandika kwa uaminifu mtashangaa daftari linavyojaa.

Familia yetu ya mfano ina nyumba yake Pasua. Dar itapanga, tuseme vyumba viwili na sebule kwa 250,000 kwa mwezi. Moshi baba anakwenda kazini kwa baiskeli na watoto wanatembea kwenda shule. Dar nauli za nyumba nzima tuziweke 90,000. Bibi hayupo, kwa hiyo mama akitaka hata kutafuta kazi lazima apatikane dada wa kazi, 80,000 mbali na chakula chake. Chakula kilichokuwa kinatoka shamba sasa kinanunuliwa: 70,000. Na mama alikuwa anapata 250,000 kwa mwezi kwa kushona, ambazo zinakatika siku anapofunga mlango wa fremu.

Jumla ni 740,000, bila kuhesabu kodi itakayopatikana kama nyumba ya Pasua itapangishwa. Ongezeko lilikuwa 387,500. Kila mwezi familia hii inapungukiwa 352,500 kuliko ilivyokuwa Moshi, huku kila anayeipigia simu akiipongeza. Mama akifanikiwa kurudisha kipato chake chote, pengo linashuka hadi 102,500, lakini halizibiki. Ili wasipungukiwe wala kuongezeka wakati mama hajaanza, ofa ingehitaji kuwa kama 2,060,000 kabla ya makato. Hiyo sasa ni nambari ya kwenda nayo mezani kwa mwajiri, badala ya "naomba mniongezee kidogo".

Bei za mfano huu ni zangu. Ninyi wekeni zenu. Anayepanga Njiro, Arusha, na kununua kila kitu sokoni Kilombero ana kidogo cha kupoteza, na hesabu yake inaweza kutoka safi kabisa. Anayeishi kwenye kiwanja cha wazazi Marangu au Machame ana kingi kuliko anavyodhani. Ndiyo maana ushauri wa rafiki aliyehama "na mambo yakamnyookea" hausaidii sana mpaka ujue alikuwa anakaa wapi na anakula cha nani.

Upande wa pili wa karatasi, andikeni pia kile ambacho Moshi haitawapa. Kuna kazi ambazo ngazi zake za juu haziko huku: bandari, makao makuu ya benki, kampuni kubwa za mawasiliano. Kwa wizara, ngazi ziko Dodoma. Mtu wa miaka 32 anayeweza kupandishwa cheo mara mbili ndani ya miaka mitano anaweza kukubali kupungukiwa mwaka wa kwanza, mradi apungukiwe akijua. Mtu wa miaka 50 anayepewa cheo kile kile kwa laki mbili zaidi, mimi ningemwambia abaki.

Hatua ya 4: Kazi ya mwenza ijadiliwe kwa uzito ule ule

Mara nyingi sana inasemwa "ukifika kule utatafuta kitu cha kufanya", na mazungumzo yanaishia hapo. Kitu gani? Kwa mtaji upi? Wateja kutoka wapi?

Biashara hazihami kwa namna moja. Cherehani inahama, na ufundi unahama, lakini wateja wanabaki; hesabuni miezi mingi ya kuanza upya. Genge halihami kabisa, kwa sababu faida yake ilikuwa bei ya mzigo wa shambani na wapita njia wanaokujua. Mitumba ya Kiboriloni inaweza hata kunufaika, kwa kuwa anayehamia Dar anasogea karibu na marobota. Saluni inategemea fremu, na fremu kwenye barabara yenye watu Dar ina kilemba, yaani hela ya kuachiwa fremu, na kodi ya miezi mingi mbele. Kwa hiyo wekeni fungu la mtaji wa mwenza ndani ya gharama za kuhama, lenye jina lake, lisiguswe na kodi ya nyumba wala ada.

Mwenza akiwa mwalimu, muuguzi au mtumishi mwingine wa umma, kumfuata mwenza ni sababu inayokubalika kuombea uhamisho. Maombi hupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, na huambatana na cheti cha ndoa, kwa hiyo waliofunga ndoa ya kimila peke yake waanze kushughulikia cheti mapema. Ila kuomba si kupata. Kituo anachotoka kikiwa na upungufu, anaweza kuzuiwa. Asiache kazi ya serikali kwa matumaini ya kuajiriwa tena huko mbele. Afadhali mkae mbalimbali mwaka mzima.

Vikoba na michezo ya kupokezana nayo ina muda wake. Anayeondoka katikati ya mzunguko huku ameshapokea anaacha deni, na dhamana yake ni jina la familia. Malizeni mzunguko, au kubalianeni na wenzenu kwa maandishi mtakavyotuma kwa simu.

Hatua ya 5: Watoto, na madarasa yasiyoguswa

Mtoto wa chekechea au darasa la kwanza hamisheni wakati wowote. Baada ya mwezi atakuwa na marafiki kuliko ninyi. Tatizo ni darasa la nne, la saba, kidato cha pili na cha nne. Hawa wanasajiliwa kwa mtihani wa taifa wakiwa kwenye shule fulani, na kuwahamisha baada ya usajili ni usumbufu ambao mwalimu mkuu atawaambia waziwazi msiujaribu. Ukiwa na mtoto darasa la saba, ama mnahama baada ya Septemba akishafanya mtihani, ama anabaki kwa shangazi yake mpaka amalize. Kidato cha nne vivyo hivyo, na bweni ni jibu zuri kama shule yake inalo.

Uhamisho wa shule ya serikali unaanzia kwa mwalimu mkuu wa anakotoka, akihitaji uthibitisho kwamba kuna shule inayompokea. Tafuteni nafasi kwanza. Chukueni namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, maana kumbukumbu zake zote za mitihani zimefungwa kwenye namba hiyo. Elimu ya serikali hadi kidato cha nne haina ada tangu 2016, lakini sare mpya na michango ipo pale pale, na baadhi ya shule za pembezoni mwa Dar zina darasa lenye watoto wengi kiasi kwamba mliozoea shule za Moshi mtataka kulia. Nendeni mkachungulie darasani saa nne asubuhi siku ya kazi. Picha za majengo hazionyeshi madawati.

Msiulize watoto "mnataka kwenda?", maana mkishauliza itabidi muheshimu jibu. Waambieni mnachofikiria, halafu wasikilizeni wanachoogopa.

Hatua ya 6: Afya

Arusha, Kilimanjaro na Manyara huwa za mwisho kabisa kwenye tafiti za taifa za malaria. Watoto wanaokutwa na vimelea ni chini ya asilimia 1. Maana yake ni kwamba mtoto aliyekulia Moshi mjini au Arusha hajazoeana na ugonjwa huu, na akifika Mwanza, Geita, Tabora au Mtwara anaweza kuugua vibaya kuliko mtoto wa jirani aliyezaliwa hapo. Vyandarua viingie kwenye mzigo wa kwanza. Homa ipimwe siku hiyo hiyo, isisubiri kesho wala panado. Mkienda Mwanza ongezeeni kichocho: watoto wasioge wala kuchezea maji ya ukingo wa ziwa, hata kama mtaa mzima unaoga.

Kama kuna mgonjwa wa kliniki ya kudumu nyumbani, mwenye kisukari, moyo au saratani, ulizeni KCMC au hospitali anayotibiwa iwape muhtasari wa matibabu kwa maandishi na jina la kliniki atakayoendelea nayo: Muhimbili kwa Dar, au Ocean Road kama ni saratani, Bugando kwa Mwanza, Benjamin Mkapa kwa Dodoma. Kadi za kliniki za watoto ziende kwenye begi la mkononi.

Kuna faida moja watu wa Arusha na Meru huwa hawaifikirii. Maji ya sehemu nyingi za huko yana floraidi nyingi, na ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia. Meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya miaka ya mwanzo ya maisha. Mwenye mtoto mchanga anayetoka kwenye maji hayo kwenda kwenye maji mazuri anaokoa meno yake.

Hatua ya 7: Wazee na kihamba

Mzee ukimwambia mnafikiria kuhama atajibu, "Nendeni tu wanangu, mimi nipo." Jibu hilo halina habari yoyote ndani yake. Muulizeni maswali yenye jibu. Nani atampeleka hospitali usiku? Nani atamnunulia dawa za presha zikiisha katikati ya mwezi? Nani atasimamia maji yanapokatika? Kama kila jibu ni jina lako, basi unachoamua ni zaidi ya kazi. Kwa mila yetu ya Kichagga mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na kama wewe ndiye huyo, kaeni na ndugu zako wote kabla ya kusaini chochote. Mkubaliane nani anafanya nini na nani anachangia ngapi kwa mwezi, kisha mwandike.

Kihamba kikikaa bila mtu, mpaka unatembea. Masale, ile mimea ya mpakani, yanaheshimiwa, lakini yanaheshimiwa zaidi mwenye shamba akiwa anaonekana. Pitieni mipaka mkiwa na majirani wa pande zote na mzee mmoja wa ukoo, pigeni picha kila pembe, na mwachieni mtu anayeeleweka alihudumie: avune nini, awatumie nini, na asifanye nini. Hasa asikate miti na asipangishe mtu bila kuwauliza.

Gharama ya kurudi nayo iingie kwenye bajeti. Moshi hadi Dar ni kama kilomita 550 na kidogo, kutwa nzima ndani ya basi; tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena 2023, mtu anaweza kuondoka jioni akafika asubuhi kwenye msiba. Walioko Dodoma wana lami mpaka Arusha kupitia Kondoa na Babati. Mwanza, kwa Singida na Shinyanga, ni mbali zaidi. Wekeni nauli ya familia nzima kwenda na kurudi Desemba, pamoja na safari mbili za dharura za mtu mmoja. Rambirambi za nyumbani hazipungui kwa kuwa mmehama. Zinaongezeka, kwa sababu sasa mnahesabiwa kuwa "wa Dar".

Hatua ya 8: Mmoja atangulie

Hapa sina shaka. Aliyeajiriwa aende peke yake kwa miezi sita, apange chumba kimoja au akae kwa ndugu huku akichangia chakula, na familia ibaki. Miezi sita inavusha kile kipindi ambacho sheria haimlindi. Inampa pia muda wa kujua mshahara unaingia tarehe ngapi hasa, bosi ni mtu wa namna gani, na foleni ya saa kumi na moja asubuhi ikoje.

Kuendesha nyumba mbili kuna gharama, na watu huitumia kama sababu ya kwenda wote pamoja. Pigeni hesabu: chumba kimoja, chakula cha mtu mmoja na nauli ya kuja Moshi mara moja kwa miezi miwili ni nafuu kuliko kodi ya nusu mwaka ya nyumba ambayo mtaihama. Ila pangeni mwisho wake. Baba akizoea kulea watoto kwa simu, na mama akizoea kuamua kila kitu peke yake, miezi sita inakuwa miaka mitatu bila mtu kukata shauri. Mwezi wa sita mkae tena na karatasi ile ile, safari hii yenye bei za kweli.

Katikati ya kipindi hicho, mama aende akakae wiki nzima, na isiwe wiki ya matembezi ya Coco Beach. Aamke na kila mtu, aende sokoni, apande daladala na mtoto mgongoni, akae na jirani barazani. Ndizi za kwetu zipo, Mabibo zinashushwa malori kwa malori. Akaulize bei yake mwenyewe.

Hatua ya 9: Nyumba ichaguliwe na mwenye kuijua mvua

Pangeni upande wa kazini. Kazi ikiwa Posta au Kariakoo, Kimara na Mbezi Luis ziko upande wa mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao, na ziko njia ya kwenda stendi ya Magufuli ya mabasi ya mikoani, jambo linalowafaa sana watu wa Moshi. Kazi ikiwa barabara ya Nyerere, tafuteni Ukonga, Kitunda au Kinyerezi. Kuvuka jiji kutoka upande mmoja hadi mwingine kila siku kunakula saa nne za maisha, na hakuna kodi nafuu inayolipia hilo. Dodoma ulizeni kwanza ratiba ya maji ya mtaa huo, na kama nyumba ina simtanki.

Wenye nyumba wengi Dar wanataka kodi ya miezi sita, wengine mwaka. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, na wapo wanaotoza hela ya kuonyesha tu. Kwa nyumba yetu ya 250,000 hiyo ni 1,750,000 kabla ya kusafirisha hata kijiko. Muombeni mwajiri mkopo wa mshahara unaokatwa kidogo kidogo; kwa mfanyakazi anayehama ni ombi la kawaida.

Mkiangalia nyumba kiangazi, zungukeni nje mtazame chini ya madirisha. Rangi ikiwa mpya chini tu na kuukuu juu, kuna kitu kimefunikwa. Tope la mvua za masika huacha mstari ulionyooka ukutani, na mwenye nyumba huupaka rangi kabla wateja hawajaja. Muulizeni muuza duka wa jirani maji ya Aprili yalifika wapi. Yeye hana kamisheni. Ulizeni pia kama LUKU ni yenu peke yenu au mnachangia na wapangaji wengine, na kwa kuwa kodi ya jengo inakatwa humo kwenye LUKU kila mwezi, kubalianeni na mwenye nyumba namna atakavyowarudishia. Kiasi ni kidogo, ugomvi wake huwa mkubwa.

Hatua ya 10: Andikeni masharti ya kurudi, kisha mchague tarehe

Kabla ya kuondoka, mwandike ni lini mtarudi bila kuoneana haya. Kwa mfano: kama baada ya mwaka mmoja wa familia nzima hatujaweka akiba hata ya mshahara wa mwezi mmoja, tunarudi, kama ajira haijathibitishwa, tunarudi, kama mama hajapata shughuli ndani ya miezi kumi, tunakaa kuamua upya. Tengeni hela ya kurudia kwenye akaunti isiyo na kadi. Nyumba ya Pasua ipangishwe kwa mkataba wa mwaka, isiuzwe. Kiwanja kisiuzwe ili kulipia kuhama. Ofa inayohitaji muuze ardhi ndipo muifuate si ofa ya kuhamishia familia. Cherehani ya pili ibaki kwa dada.

Makabati na makochi mazito uzeni huku. Gharama ya kuyabeba inakaribia bei ya kununua mengine kwa mafundi wa Keko, Dar. Vitanda, vyombo, nguo, cherehani na friji viende. Chukueni barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa mnakotoka, mtaihitaji mnakofika.

Tarehe nzuri ni katikati ya Desemba. Wiki hizo Wachagga wote wanapandisha, mabasi yanafika Moshi yamejaa mpaka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inatoa vibali vya muda kwa magari ya ziada, na yanarudi Dar yakiwa na viti vitupu. Malori yaliyoleta bidhaa za sikukuu nayo yanatafuta mzigo wa kushuka nao, kwa hiyo bei inazungumzika. Mkingoja mpaka wiki ya kwanza ya Januari mtagombania tiketi na nchi nzima. Ndiyo, mtakosa Krismasi ya nyumbani mwaka huo, na mtaulizwa kuhusu jambo hilo. Ila barua ya uhamisho ya mtoto ichukueni mwisho wa Novemba, kabla shule haijafungwa. Mwalimu mkuu akishakwenda likizo kwao, mtamsubiri hadi Januari huku darasa jipya limeshaanza.